Mzinga Uliofiwa na Malkia

Watu wa Roret, na wa nchi yote ya Kericho na Bomet, hawahitaji kufundishwa kwamba nyuki ni mali. Kabla mche wa kwanza wa chai haujapandwa katika vilima vile, Wakipsigis walikuwa wakitundika mitini mizinga yao ya magogo, iitwayo moinget kwa lugha yao, na jirani zao Waogiek wa msitu wa Mau walijulikana mbali kwa ustadi wa kurina asali. Chai haikuwafukuza nyuki. Ni kweli kwamba mchai haumpi nyuki chakula kingi, kwa kuwa huchumwa daima hata hauwahi kuchanua; lakini mikaratusi iliyopandwa kwa ajili ya kuni za viwanda, na miti ya kienyeji kama silibwet na tebeswet, huwapa maua tele. Basi mtu mwenye shamba dogo la chai aweza kuwa na mizinga michache pembeni, akapata asali ya kula nyumbani na nyingine ya kuuza.

Lakini liko jambo moja linalowashangaza wafugaji wengi. Mfugaji hufungua mzinga wake, akaona nyuki ni wengi, wanatoka na kuingia, na mayai yamo ndani ya masega. Hufurahi, akaufunga, akaenda zake akitumaini mavuno. Baada ya miezi miwili hurudi, akakuta nondo wamekula nta, na nyuki hawamo. Hapo maneno huwa mengi. Mmoja husema nyuki wamehama, mwingine husema jirani ana kijicho. Kumbe mzinga ule ulikuwa umekwisha kufa siku ile alipoufungua, ila yeye hakujua kusoma alama. Mayai yale aliyoyaona hayakuwa ya malkia. Yalitagwa na nyuki watenda kazi.

Makala haya yataeleza jinsi jambo hilo linavyotokea, jinsi linavyogusa urithi wa nyuki wa nchi nzima, na kwa nini huko Afrika ya Kusini mtenda kazi mmoja tu aliweza kuwafilisi wafugaji wengi.

JAMAA YA NYUKI ILIVYO

Katika kila mzinga wenye afya yumo malkia mmoja, wamo watenda kazi kwa maelfu ambao wote ni majike, na kwa nyakati zake wamo madume mamia kadhaa. Malkia ndiye mama yao wote. Akiwa angali kijana hutoka mzinganini, akaruka juu angani, akakutana na madume wa mizinga mingine, aghalabu kumi hata ishirini. Mbegu zao huziweka katika kifuko kilichomo tumboni mwake, akazitumia kidogo kidogo kwa muda wote wa maisha yake. Kwa siku za neema aweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku.

Sasa yafaa msomaji azingatie neno hili, maana ndilo ufunguo wa habari yote. Malkia akitaga yai lililopata mbegu ya dume, yai hilo huwa jike: mtenda kazi, au malkia mpya likilishwa maziwa ya kimalkia. Akitaga yai lisilopata mbegu, yai hilo halifi. Nalo huwa dume. Kwa hiyo nyuki dume ana mama lakini hana baba, ingawa babu anaye. Jambo hilo la ajabu lilielezwa mwaka 1845 na padre mmoja Mkatoliki wa Silesia, Johann Dzierzon, ambaye alikuwa mfugaji hodari wa nyuki. Wakati ule wengi walimpinga. Baadaye wataalamu wenye darubini walihakikisha maneno yake. Leo twajua kwamba malkia na mtenda kazi wana kromosomu 32, yaani nyuzi zinazobeba urithi, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Dume anazo 16 tu, zote za mama.

Je, mtenda kazi naye hana mayai? Anavyo vifuko vya mayai, lakini ni vidogo na vimelala. Hawezi kukutana na dume, kwa hiyo hana mbegu ya kulitilia yai. Maadamu malkia yuko, harufu yake maalumu huenea mzinganini mwote, watenda kazi wakipokezana kutoka mdomo kwa mdomo. Na majana, yaani watoto wa nyuki walio bado katika vitundu, nao hutoa harufu yao. Harufu hizo mbili ndizo zinazofanya vifuko vya watenda kazi viendelee kulala.

MALKIA ANAPOKUFA

Malkia akifa au akipotea, nyuki hutambua kwa muda wa saa chache. Ikiwa mna majana machanga, yenye umri usiozidi siku tatu, watenda kazi huyachagua machache, wakayapanulia vitundu na kuyalisha chakula cha kimalkia. Siku kumi na mbili hivi baadaye hutoka malkia mpya. Naye hungoja siku chache, akaruka kwenda kukutana na madume, akarudi kutaga. Kwa hiyo mzinga huweza kujiponya kwa muda wa mwezi mmoja hivi.

Hatari iko katika nafasi hiyo. Malkia huyo kijana aweza kuliwa na ndege angali angani, au akapotea njia na kuingia mzinga usio wake. Akishapotea, majana ya zamani yamekwisha kukua, wala hapana tena mchanga wa kumlea awe malkia. Kadhalika hatari iko katika desturi ya kurina usiku kwa moto na kukata masega yote, yenye asali na yenye majana pamoja. Mrinaji wa namna hiyo huenda akamwua malkia kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akawanyang'anya nyuki watoto ambao wangepata malkia kutoka kwao.

Basi harufu ya malkia imekwisha, na harufu ya majana imekwisha. Vifuko vya watenda kazi huamka. Kwa nyuki wa Ulaya huchukua muda wa majuma matatu au zaidi. Nyuki wetu wa Afrika huanza upesi kuliko hao. Watenda kazi kadhaa hutaga, na kwa kuwa mayai yao hayana mbegu, yote huwa madume. Madume hayachumi maua, hayajengi sega, wala hayawezi kuulinda mzinga, maana hayana mwiba. Watenda kazi wazee hufa mmoja mmoja, wala hapana wa kushika nafasi zao. Nguvu ya mzinga hupungua, na mwisho nondo na siafu humaliza kilichobaki.

Hata hivyo usidhani kwamba kutaga huko hakuna maana yo yote. Madume wanaozaliwa na watenda kazi, ingawa ni wadogo, ni madume kamili wenye mbegu. Huruka angani, na huenda mmoja wao akakutana na malkia kijana wa mzinga mwingine. Kwa njia hiyo urithi wa jamaa inayokufa huvuka na kuingia katika jamaa nyingine. Ni kama mtu aliye mahututi anayekabidhi mbegu zake kwa jirani kabla hajaaga dunia.

HESABU YA UNDUGU

Msomaji mwenye akili atauliza: Ikiwa mtenda kazi anaweza kupata wana wa kiume, kwa nini hatagi siku zote, hata malkia akiwapo? Jibu ni kwamba wachache hujaribu, lakini mayai yao huliwa na watenda kazi wenzao. Wataalamu wawili, Francis Ratnieks na Kirk Visscher, walithibitisha hayo katika mwaka 1989. Katika mzinga wenye malkia, madume waliokua ambao ni wana wa watenda kazi hawazidi mmoja hivi katika kila elfu.

Sababu yake hufahamika kwa hesabu ndogo ya mirathi. Mtenda kazi na mwanawe mwenyewe wanashirikiana nusu ya urithi. Na ndugu yake dume, aliye mwana wa malkia, wanashirikiana robo. Lakini mwana wa dada yake je? Tumesema kwamba malkia huchukua mbegu za madume wengi. Kwa hiyo dada walio wengi mzinganini ni wa mama mmoja na baba mbalimbali. Mwana wa dada wa namna hiyo hushirikiana naye thumuni tu. Basi kwa kila mtenda kazi, mwana wa malkia ni karibu zaidi kuliko mwana wa dada. Kila mmoja angependa yai lake mwenyewe likae, lakini wote kwa pamoja hawapendi la mwenzao likae. Hivyo huchungana, na amani ya mzinga hudumu kwa sababu ya ulinzi huo.

Wingi wa baba una faida nyingine tena. Katika urithi wa nyuki imo jeni moja, yaani alama moja ya urithi, inayoamua kama yai litakuwa jike au dume. Jeni hiyo ilitambuliwa na wataalamu mwaka 2003. Yai lenye nakala mbili zisizofanana huwa jike. Lenye nakala moja tu huwa dume. Na lenye nakala mbili zinazofanana kabisa huwa dume lisilofaa, ambalo watenda kazi hulila lingali changa. Ikiwa nyuki wa mahali wamepungua, na malkia anakutana na ndugu zake, nakala zinazofanana hukutana mara nyingi, na sega la majana huwa na mapengo mengi. Ndiyo maana nyuki huhitaji kuchanganya damu, na ndiyo maana mizinga ya majirani wengi ni bora kuliko mizinga ya mtu mmoja aliye peke yake.

Huko Kenya nyuki wamechanganyika sana. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017 uliwalinganisha nyuki wa misitu ya Mlima Kenya na Mlima Elgon na wale wa nyanda za chini. Ikaonekana kwamba urithi wao karibu wote ni mamoja, isipokuwa katika sehemu mbili kubwa, ambazo ndizo zinazofungamana na maisha ya baridi ya milimani. Mlima na uwanda hutofautiana, lakini mlango kati yao u wazi.

NYUKI WA CAPE

Sasa twende mpaka ncha ya kusini ya Afrika, tuone kanuni hizo zikivunjwa. Huko, katika nchi ya Cape, wako nyuki ambao wataalamu huwaita capensis. Mwaka 1912 mfugaji mmoja, Bwana G. W. Onions, aliandika katika jarida la kilimo la nchi hiyo kwamba watenda kazi wa nyuki hao, wakiachwa bila malkia, hutaga mayai ambayo huwa majike. Wataalamu waliona shida kusadiki, maana habari hiyo ilikuwa kinyume cha yote yaliyojulikana. Lakini Bwana Onions alikuwa na haki. Ndani ya yai la mtenda kazi wa Cape, sehemu mbili za urithi wa mama hurudi kuungana, kana kwamba yai limejipatia mbegu lenyewe. Mtoto azaliwaye ni jike asiye na baba, naye hufanana na mama yake karibu katika kila kitu. Mwaka 2020 wataalamu wa Australia pamoja na wenzao walitangaza kwamba badiliko katika jeni moja tu, iliyomo katika kromosomu ya 11, ndilo linalowapa uwezo huo.

Kwao wenyewe nyuki hao hawana madhara. Mzinga wao ukifiwa na malkia, watenda kazi huweza hata kulea malkia mpya kutoka katika yai la mmoja wao. Balaa lilianza walipohamishwa.

Mwaka 1990 wafugaji wa Afrika ya Kusini walipakia mizinga ya nyuki wa Cape katika magari, wakaipeleka kaskazini, safari ya zaidi ya kilometa 1,000, ili wafuate maua. Huko kaskazini nyuki wa asili ni wale waitwao scutellata. Kwa muda mfupi wafugaji wakaanza kuona mizinga yao inadhoofika na kufa. Walipochunguza walikuta watenda kazi weusi-weusi wa Cape wamo ndani ya mizinga ya wenyeji. Wageni hao waliingia kama wapitaji, wakaanza kutaga, na kwa kuwa miili yao hutoa harufu kama ya malkia, wenyeji hawakuyala mayai yao yote kama ilivyo desturi. Zaidi ya hayo, waliyalisha majana yao vizuri kuliko ya mama yao wenyewe. Wageni wakaongezeka, wala kazi hawakufanya kwa bidii. Malkia wa mzinga akafa. Wenyeji wakapungua mpaka wakaisha. Ndipo wageni wakatoka, wakatafuta mzinga mwingine wa kula.

Mizinga iliyopotea kwa njia hiyo ilihesabiwa kwa maelfu. Na wataalamu walipoupima urithi wa wageni hao katika mizinga mbalimbali, walipata jambo la kutisha. Wote walikuwa ukoo mmoja. Asili yao ilikuwa mtenda kazi mmoja tu, aliyekuwa hai mwaka 1990, ambaye nakala zake zilisambaa nchi nzima bila baba na bila malkia. Nyuki hao hawaruki mbali sana kwa nguvu zao wenyewe; kilichowasafirisha hasa ni mikono ya wafugaji, waliohamisha mizinga kutoka mahali hata mahali na kuchanganya masega ya mzinga mgonjwa na ya mzinga mzima.

MAFUNZO KWA MFUGAJI WA RORET

Kwa nini tumesimulia habari ya mbali hivyo? Kwa sababu nyuki walioangamizwa kule kaskazini mwa Afrika ya Kusini ni wa kabila lile lile la scutellata waliomo katika mizinga ya Kenya. Mlango uliofunguka kule waweza kufunguka po pote walipo nyuki hao. Basi funzo la kwanza ni hili: usinunue bumba la nyuki wala malkia kutoka nchi za mbali, hata ukiambiwa ni wapole au wana asali nyingi. Nyuki wa vilima vyako wamezoea mvua yako na baridi yako. Tundika mzinga safi uliopakwa nta mahali penye kivuli na maji karibu, nao watakuja wenyewe bila gharama.

Funzo la pili ni kujua kusoma sega. Malkia hutaga yai moja katika kila kitundu, chini kabisa katikati, na vitundu vyenye majana hupangwa kwa utaratibu bila mapengo mengi. Watenda kazi hutaga ovyo: mayai mawili, matatu au zaidi katika kitundu kimoja, na mengine yamegandama ukutani kwa kuwa tumbo la mtenda kazi ni fupi, halifiki chini. Majana yakifunikwa, vifuniko vyake huinuka kama vichwa vya risasi juu ya vitundu vidogo vya watenda kazi, maana waliomo ni madume. Na madume waliotoka huwa wadogo. Ukiona alama hizo usiufunge mzinga na kungoja asali.

Funzo la tatu ni dawa yake. Ikiwa mzinga wako ni wa kisasa, wenye fito za juu zinazoinuliwa moja moja, chukua fito moja yenye sega la mayai na majana machanga kutoka mzinga wenye nguvu ulio wako mwenyewe, uitie katika mzinga uliofiwa. Hakikisha kwanza kwamba malkia hayumo katika sega hilo. Fanya hivyo mara moja kwa juma, kwa majuma matatu hivi. Harufu ya majana itavilaza tena vifuko vya watenda kazi, na mwisho nyuki wataanza kujenga chumba cha malkia. Ikiwa nyuki waliobaki ni wachache, afadhali uwaunganishe na mzinga mwingine kuliko kupoteza majana mema. Na ikiwa mzinga wako ni wa gogo, ambao masega yake hayawezi kuinuliwa, rina kilichomo, usafishe vizuri, uutundike tena ungoje bumba jipya. Kuukubali mzinga uliokufa ni hekima, maana nta ikiliwa na nondo hupati cho chote.

Na funzo la nne ndilo kubwa kuliko yote, kwa kuwa huzuia maradhi kabla hayajaja. Urinapo, rina jioni kwa moshi wa taratibu, ukate masega yenye asali tu, na masega yenye majana uyaache mahali pake. Waachie na asali kidogo ya akiba kwa siku za mvua nyingi. Mfugaji aachaye majana huacha ndani ya mzinga uwezo wa kupata malkia mwingine, na hiyo ndiyo bima pekee ambayo nyuki wanayo.

Wazee walisema, Fuata nyuki ule asali. Lakini mwenye kufuata na atazame anafuata nini. Mzinga wenye mngurumo si lazima uwe mzinga wenye uzima. Uzima wake umo katika kitundu kidogo chenye yai moja lililosimama chini katikati. Siku utakapofungua mzinga wako, tafuta yai hilo kabla hujatafuta asali.